Tupeane uzoefu: muvi gani iliyopondwa na kila mtu ila wewe hutaki isemwe vibaya?

Wakuu, salaam.

Juzi nipo kinyozi hapa Ngarenaro, Arusha, nasubiri zamu, kwenye TV wameweka Rambo, ile ya pili anayorudi Vietnam kutafuta mateka. Dogo mmoja wa chuo akachomoa simu akatutangazia kwamba hiyo muvi ilibeba Razzie, zile tuzo za kejeli za Marekani, kama muvi mbovu kuliko zote za 1985. Stallone naye akapewa ya mwigizaji mbovu, na hadithi ikapata yake. Kinyozi akazima mashine, akamtazama dogo kama vile katukaniwa mama.

Nikaenda kuchungulia, nikakuta dogo hasemi uongo. Ila kuna alichoruka. Muvi hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 150 Marekani peke yake, na mmoja wa walioandika hadithi iliyozomewa ni James Cameron, huyuhuyu aliyekuja kututoa machozi na Titanic na Oscar zake 11.

Mimi niliionea banda la video Unga Limited nikiwa darasa la nne. Kiingilio shilingi hamsini, benchi za mbao, magunia madirishani, joto la kufa mtu. Mkanda umechoka mpaka mistari inakatiza usoni mwa steringi. Pembeni kuna jamaa na maiki anatafsiri, na ninavyojua leo nusu ya maneno yale alikuwa anayatunga. Ule mshale wa bomu ulipofyatuka hakuna aliyebaki amekaa. Mwenye banda alirudisha nyuma mara tatu kwa maombi ya wananchi, na mara ya tatu tulikuwa tunahesabu wote kwa sauti kabla haujalipuka. Sasa mtu aliyekaa kimya na kalamu na daftari kwenye ukumbi wa kiyoyozi aliona muvi gani? Siyo ile yangu.

Leta yako. Sharti moja: useme uliionea wapi, na nani.

Mangi wa Pasua:
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi ni Anaconda, ya 1997, ya Jennifer Lopez na Ice Cube.

Krismasi, nyumbani Kibosho. Baba mdogo kapanda na TV, deki na jenereta kutoka Dar, ukoo mzima umejaa sebuleni kwa babu, watoto chini, wazee kwenye makochi na mbege yao. Kuna mahali maporomoko ya maji yanapanda juu badala ya kushuka. Ni kosa lao la kuchezesha picha kinyumenyume, hata leo watu wanalicheka. Binamu yangu mmoja, alikuwa mjuaji tangu utoto, akapiga kelele, "Maji yanapanda mlima!" Babu hakugeuka hata shingo: "Mfongo huo, mfereji wetu. Wachagga tumepandisha maji miaka yote, wewe unashangaa nini?"

Ikafika pale Jon Voight anamezwa, halafu nyoka anamtapika, na jamaa katika hali ile ya mrenda anakonyeza jicho. Bibi akatoka jikoni na mwiko wa mtori mkononi: "Amemkonyeza nani?" Mpaka kesho ukoo wetu mtu akinusurika jambo lolote, ajali, mtihani, ndoa, anaulizwa kamkonyeza nani.

Ilitajwa kugombea Razzie sita na haikushinda hata moja. Na huko huko kwao Roger Ebert, mkosoaji mkubwa kabisa, aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne. Kwa hiyo msiseme wakosoaji wote hawana macho.

Steringi Hafi:
Amemkonyeza nani 😂😂 nimeiba hiyo.

Mama Wawili Sakina:
Mimi nitapigwa mawe. Catwoman, ya Halle Berry.

Najua, najua. Ilibeba Razzie nne, ikiwemo ya muvi mbovu kuliko zote za 2004. Mimi niliipata kwenye DVD moja ya muvi nyingi za kubanana, nikiwa nasuka saluni ya dada mmoja pale Kaloleni. Wanaoiponda wanasema hadithi ni ya kijinga. Hebu subirini. Dada mpole, mfanyakazi wa kampuni ya vipodozi, anagundua krimu wanayotaka kuuza inaharibu ngozi: ukiacha kuipaka uso unaoza, ukiendelea nao unakuwa mgumu kama jiwe. Anauawa kwa sababu amejua. Anarudi akiwa paka.

Jamani, sisi tulikuwa tunaitazama ndani ya saluni! Siku hiyo kulikuwa na mteja uso mwekundu, vidole vyeusi kwenye viungo, mkorogo umemshika na anaogopa kuuacha maana akiuacha siku mbili anatoka mabaka. Aliitazama mpaka mwisho hasemi neno. Sijaona muvi nyingine ambayo adui wa steringi ni kopo la krimu. Huko nje labda ni ujinga, kwetu ilikuwa taarifa ya habari.

Na Halle Berry mwenyewe alikwenda kuichukua ile Razzie mwaka 2005, mkono mwingine kashika Oscar yake, akawachekesha ukumbi mzima. Nani mwingine ana kifua hicho?

Meru Tupu:
Hii haikupondwa sana ila vijana wangu wanaidharau, niruhusuni. Hatari! ya 1962, John Wayne, imepigwa hukuhuku Momella. Dakika 157 na kweli hadithi haipo: wanakamata faru, wanakula, wanakunywa, wanakamata twiga. Marehemu mzee wangu alikuwa akiitazama kutafuta miti. "Pale pana mgunga, ulikatwa." "Barabara hiyo sasa imehamishwa." Waigizaji hakuwajali kabisa. Niambieni mkosoaji gani angempa nyota mgunga.

Chalii wa Sombetini:
Oya arif, tusidanganyane. Nyingine ni mbovu tu na kumbukumbu zenu ndizo tamu. Ingieni leo peke yenu, bila bibi, bila mtafsiri, muone kama mtamaliza nusu saa. Na zile asilimia za muvi mtandaoni, za Rotten Tomatoes wanaokusanya maoni ya wakosoaji, watu wanazisoma vibaya: 30 si maksi 30 kwa 100, ni kwamba wakosoaji watatu kati ya kumi waliikubali. Hao watatu ndio wenzenu. Ila bongo muvi hapana. Dakika nne gari linasubiri geti lifunguliwe!

Dada wa Majengo, Moshi:
Chalii, hilo geti nalitetea mimi.

Mama yangu hakusoma sana. Muvi ya kizungu kwake ilikuwa mtu akae pembeni amweleze, na anayeeleza huchoka. Bongo muvi zilipoanza kujaa, enzi za Kanumba na wenzake, ndipo alipopata muvi zake mwenyewe. Sauti ya upepo kwenye maiki, kilio kisichoisha, vyote sawa, maana hakuna aliyemfasiria. Na geti likianza kufunguliwa ndipo alipokwenda kuongeza maji kwenye maharage. Akirudi gari ndiyo linaegeshwa. Hajakosa kitu.

Shida ilikuwa Part 2. Unanunua Part 1 stendi, inakatika mume anaingia mlangoni, kwisha. Kuna moja tuliitafuta Part 2 yake Moshi nzima karibu mwaka, hatukuipata. Mama akachoka kusubiri, akatunga mwisho wake, akawa anawasimulia majirani kama ameuona: mume anasamehe, mama mkwe anaugua, yule rafiki mbaya anarudi kwao kijijini kwa basi, amebeba ndoo.

Baadaye sana kaka akaipata Part 2 Arusha, akamletea. Mama akaitazama yote, mikono kifuani. Ilipoisha akasema, "Wameikosea," akaniambia nitoe hiyo CD.