Wanaoongoza vikundi vya kutunza visima na mito Mombasa: tupeane uzoefu, mambo huharibikia wapi?

Kijana wa Mikindani
Salaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Kuna kikundi kimechagua kamati mpya, na swali la kwanza la mwenyekiti likawa "fulana zitachapishwa lini?" Ndipo uzi huu ulipozaliwa. Wamo humu waliokalia viti vya vikundi vya maji tangu Jomvu hadi Bamburi. Semeni kamati hukwama wapi, kwa kitu gani, kwa kiasi gani. Wasifu wa mtu hatuutaki, tupeni kazi ilivyo.

Hesabu Safi
Fulana tena! Aanze na karatasi. Kikundi cha kijamii husajiliwa ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya 2022, wanachama wasipungue 10. Hupelekwa katiba, kumbukumbu za mkutano wa uchaguzi, na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho na sahihi. Tatizo ni ile katiba. Hunakiliwa kutoka kwa chama cha kuweka na kukopa, ukiisoma mwanzo hadi mwisho neno "maji" halimo. Na husahauliwa palepale kila mara: kiongozi anaondolewaje, mali inakwenda wapi kikundi kikivunjika, na nani anaidhinisha matumizi madogo ya dharura.

Benki, watia sahihi 3, kila malipo yapite kwa sahihi 2, mweka hazina akiwa wa lazima. Wote watatu wasitoke nyumba moja. Pesa zikilala kwenye simu ya mweka hazina, hata akiwa mwaminifu kama nani, siku akifariki zile ni mirathi. Kikundi kitapanga foleni pamoja na warithi, na hakina hata risiti ya kuonyesha.

Mama Ukindu
Hilo la mirathi ni kweli tupu.

Dumu Tupu
Mmenikumbusha mita ya chumvi inayofungiwa kabatini kwa mwenyekiti "isiharibike". Yakhe, mita isiyotumika ndiyo inayoharibika. Kila kikundi cha visima pwani hii kitafute moja, na ishikwe na mtu wa kupima. Mwenye cheo hana haja nayo.

Kupima kwenyewe ni hivi. Kabla ya kila mzunguko izamishe kwenye maji ya kusawazishia ya 1,413 (mikrosimensi kwa sentimita, yaani maji yanavyopitisha umeme, kwa joto la digrii 25). Ikisoma mbali na hapo, isawazishe. Maji ya kusawazishia hayarudishwi chupani, hayo yakishachafuka kila kipimo chako ni uongo. Suuza kwa maji ya kisima chenyewe mara 3, kisha pima. Andika tarehe, saa, kina cha maji kwa kamba yenye jiwe, na hali ya bahari. Hili la bahari ndilo linaloachwa. Visima vyetu vimo ndani ya mwamba wa tumbawe, na bahari inapumua mle ndani. Ukipima leo bamvua, bahari ikijaa na kupwa sana, na mwezi ujao maji mafu, ikijaa na kupwa kidogo, tofauti uliyoiona huenda ni ya mwezi mbinguni tu, na kamati ikaanza kulaumiana.

Nambari: kwenye mikrosimensi 1,500 hivi una takriban miligramu 1,000 za chumvi katika lita moja, na kupita hapo watu huanza kuyakataa kwa ladha. Bahari yenyewe iko kama 50,000. Lita 1 ya bahari ndani ya lita 49 za maji matamu tayari imekuongezea mikrosimensi 1,000.

Kosa la kamati ni kununua pampu kubwa. Maji matamu yameelea juu ya ya chumvi. Kwa kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za matamu chini yake. Kwa hesabu hiyo hiyo, ukiyashusha kwa sentimita 10 ya chumvi yanaelekea kupanda mita 4. Basi vuta kidogo kidogo, saa nyingi, usiku pumzisha. Pampu kubwa inajaza tangi kwa saa moja, watu wanapiga makofi, baada ya misimu kadhaa chai haipikiki.

Bandari Kuu
Swali la mjinga: Mombasa kuna mto gani? Maji yetu yanatoka Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, yote nje ya kaunti. Mnatunza mfereji?

Kijana wa Mikindani
Kombeni na Tsalu zinamwagika Hori ya Tudor, Mwache inamwagika Port Reitz. Ungevuka daraja mara moja moja ungeziona.

Bandari Kuu
Zinamwagika, ndiyo. Zinatoka wapi? Rabai na Kwale. Kwa hiyo kikundi cha Mombasa kinaokota chupa mdomoni na uchafu unaingia kooni.

Hesabu Safi
Ana ulimi lakini ana hoja. Chama cha watumiaji maji kinachotambuliwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji hufuata bonde la mto, mpaka wa kaunti hauhusiki. Kamati ya watu wa chini pekee haina wa kumwambia mkulima wa juu asilime hadi ukingoni. Wekeni viti vya watu wa juu katika katiba, na mkutano mmoja kati ya miwili ufanyike kwao. Nauli iingie bajeti tangu mwanzo, la sivyo viti hivyo vitakaa vitupu.

Winchi
Maneno ya pampu yamefukua jambo. Hili someni polepole.

Kisima cha kuchimbwa kwa mkono, kina mita 13, maji yako mita 10 kutoka mdomoni. Mfadhili ametoa pampu ya petroli ya inchi 2. Hakuna aliyeshusha kamba kupima kabla ya kupokea. Pampu inayokaa juu na kuvuta, kwa vitabu ukomo wake ni mita 10 na kidogo usawa wa bahari. Kazini, pamoja na msuguano wa bomba na hewa inayopenya kwenye viungo, hesabu mita 7. Basi ikakataa. Fundi akabadilisha valvu ya chini. Ikakataa. Akafunga viungo upya kwa tepu, akajaza maji kwa mdomo wa juu, ikatoa mate kidogo ikanyamaza. Siku ya tatu mtu akasema: pampu haifiki kwenye maji, basi tuipeleke kwenye maji. Ndani ya kisima, mita 5 chini, palikuwa na ukingo wa mbao wa wachimbaji. Kamati ikaulizwa kwenye WhatsApp. Dole gumba nne, hakuna swali.

Ikateremshwa, ikawashwa. Maji yakatoka, watu wakashangilia, dumu zikapangwa. Baada ya kama dakika 20 injini ikazima yenyewe. Kijana akashuka kuitazama bila kamba kiunoni, kwa sababu ni mita 5 tu. Akaita mara moja, akalegea, akaanguka majini. Wa pili akamfuata, na huyo alijifunga kamba kwa kuwa mzee mmoja aliishika na kukataa kumwachia mpaka ajifunge. Alivutwa juu hajitambui, akapona. Wa tatu alikuwa ameshavua viatu, akakamatwa kwa nguvu. Wa kwanza alizikwa kabla ya magharibi.

Moshi wa injini una kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na damu huishika kuliko inavyoshika oksijeni. Ndani ya shimo hauna pa kwenda. Injini ikizima haimaanishi hewa imesafika, mara nyingi imezima kwa kukosa hewa.

Halafu askari akauliza nani aliidhinisha. Mwenyekiti akasema fundi. Fundi akasema kamati. Katibu akafungua kitabu: mkutano wa mwisho ulijadili fulana.

Mama Ukindu
Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Baharia Mstaafu
Ndiyo maana wazee huteremsha kandili kwanza. Ikizima, usishuke. Dawa ya zamani haijakosea.

Winchi
Mzee wangu, heshima yako, lakini hapo kandili inaua. Kandili huzima oksijeni ikipungua sana, kwa hiyo kisima cha zamani kilichofungwa itakusaidia kiasi. Kaboni monoksaidi haiizimi kwa kiwango kinachomwangusha mtu. Itawaka vizuri na utashuka ukitabasamu.

Baharia Mstaafu
Tumeshuka visima kabla hujazaliwa.

Winchi
Walioshuka wakabaki hawapo hapa kubishana nasi, mzee wangu.

Bandari Kuu
Teremsheni kuku ndani ya kapu. Kuku hana ubishi.

Kijana wa Mikindani
Jamani, adabu. Winchi, sahihi yake ni nini?

Winchi
Injini ya petroli haishuki, kwisha. Hata juu ikae mita kadhaa kutoka mdomoni, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali. Maji yakiwa kwenye kina kinachozidi mita 7 chagua pampu ya umeme ya kuzamisha au ya mkono. Afridev, pampu ya mkono ambayo majaribio yake yalifanywa Kwale miaka ya 1980, inavuta hadi mita 45. Hufunguliwa kwa spana moja na kina mama wa kijiji wenyewe, sili na bobini hubadilishwa kabla hazijaisha. Mtu akilazimika kushuka: mkanda wa mwili, kamba iliyopitishwa juu ya nguzo tatu zilizosimamishwa mdomoni mwa kisima, watu wawili juu wasioondoka, na hewa ipulizwe hadi chini kwa feni na bomba kabla ya kushuka na muda wote akiwa mle. Na ruhusa iandikwe, jina na saa. Dole gumba si sahihi.

Tone la Asubuhi
Tukiwa kwenye visima: kuna kisima chetu kilifurikiwa masika, maji ya vyoo yameingia. Kamati imesema tumwage chupa mbili za Jik tuendelee. Sawa?

Bi Klorini
Hapana. Kwanza vuteni maji machafu yote na msugue kuta. Yakijaa upya, hesabu: kipenyo mita 1.2, kina cha maji mita 2, hiyo ni kama lita 2,260. Unataka miligramu 50 kwa lita, yaani gramu 113 za klorini safi. Unga wa klorini wa asilimia 65 ni kama gramu 175. Chukua ndoo ya plastiki, maji kwanza, unga baadaye, kamwe usigeuze, wala usichanganye na dawa yoyote ya choo. Koroga, acha utulie, mimina maji ya juu kuzunguka kuta. Funga kisima kwa muda wa saa 12, weka mtu wa kuzuia wateka maji. Kisha vuta mpaka kipimo kishuke chini ya miligramu 0.5. Maji hayo msiyamwage mtoni wala kwenye bwawa, samaki watakufa wote na kikundi ni cha kutunza maji!

Na kama shimo la choo liko hapo karibu, mtarudia kila masika. Tumbawe lina matundu, halichuji kama mchanga.

Dumu Tupu
Unga wa mwaka jana uliokaa wazi umeshapoteza nguvu. Angalia tarehe, weka ndani ya chombo kisichoshika unyevu, mbali na mafuta.

Mama Ukindu
Wanaopeleka watoto wa shule kusafisha mto, na picha zinapendeza kweli, mjue kichocho kipo. Konokono wake hukaa kwenye majani ya maji yaliyotulia, na viluwiluwi vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali, saa nne hadi saa nane. Watoto wabaki ukingoni, wakubwa waingie na gambuti mapema asubuhi. Atakayesaini barua ya shule asaini akijua hilo.

Miti nayo. Ukingo wa mto kisheria ni kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande kulingana na upana wa mto, basi msipande barabarani mkasema mmepanda mtoni. Mkaratusi hapana, unakunywa sana. Pandeni mikindu na mikuyu. Mkindu una wenyewe: anayesuka mkeka hawezi kuacha mbuzi aule. Vikundi hupanda mamia siku moja mbele ya mgeni rasmi na hakuna aliyepangiwa kumwagilia kiangazi. Afadhali 40 wenye majina ya walinzi.

Bandari Kuu
Mvinje je? Bamburi si ilifanikiwa?

Mama Ukindu
Ile ilikuwa machimbo ya mawe matupu, mwanangu. René Haller alianza 1971 kwa kujaribu miti mingi kuona upi utashika, mvinje ukashika, na jongoo wakala majani yake yakawa udongo. Kuiga mvinje ni rahisi, kuiga kujaribu kwanza ndiko hakuigwi.

Hesabu Safi
Kijana wa Mikindani, mpelekee mwenyekiti wako huu uzi. Na kila ununuzi uwe na risiti, tafadhali, hata kamba.

Bandari Kuu
Na kuku wa kapuni? Muuzaji wa Kongowea hatoi risiti.

Hesabu Safi
Andika hati ya malipo, jina la muuzaji, kiasi, sahihi yake na ya shahidi mmoja. Safu ya "chakula cha mkutano", kwa sababu Winchi ameshamkataa kwenye vifaa vya usalama.

Tone la Asubuhi
Bi Klorini, kipenyo cha chetu ni mita 1.5, maji mita 3. Nimepata lita 5,300, unga gramu 408. Nimekosea wapi?

Bi Klorini
Hujakosea. Pima kina tena asubuhi kabla ya kumimina, kitakuwa kimebadilika.