Tupeane uzoefu: kombaini za zamani, haidroliki na giaboksi

Mwanzisha mada, Kibaigwa

Wakuu, habari za mavuno. Alizeti imekauka, mtama unafuata, na kombaini yangu, mashine ya kuvunia, imeanza tena visa. Ni ya zamani, ya gia za kawaida na mkanda wa varieta (puli mbili zinazopanuka na kubana ili kubadili spidi), siyo haidrostatiki inayotembezwa kwa presha ya oili. Ikipata moto, tenki la nafaka likiwa limejaa, kwenye mwinuko mdogo tu inapoteza nguvu ya kutembea. Injini inanguruma vizuri, ila matairi yanazunguka kwa kusuasua. Fundi wa kwanza kaja, kasikiliza dakika mbili, kasema giaboksi imekwisha.

Nasita kwa sababu msimu uliopita niliumia. Pampu ya haidroliki ilikuwa inalia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, hedi, ile sehemu ya mbele inayokata mazao, inapanda kwa kurukaruka. Nikaambiwa pampu imekufa. Nikatafuta nyingine iliyotumika hadi Dar es Salaam, ikafungwa, na kelele ikabaki vilevile. Siku ya tatu mzee mmoja aliyewahi kuendesha matrekta ya ranchi akafungua kifuniko cha tenki la oili, akanionyesha povu jeupe limejaa juu. Akachota grisi kwa kidole, akaipaka pale hozi ya kuvuta oili inapoingia kwenye pampu. Kelele ikakata papo hapo. Klempu ilikuwa imelegea, hewa inaingia. Na upande ule wa kuvuta hauvujishi oili nje, unanyonya hewa ndani, kwa hiyo ukitafuta kwa macho hutaona hata tone moja chini. Nilikuwa nimeshalipia pampu, nauli na siku kumi za shamba.

Basi kila aliyewahi kuuguza mashine ya namna hii aseme alichokiona, na alichokigundua baadaye.

Dereva wa Mpwapwa

Pole sana mkuu. Mimi kisa changu ni hedi kushuka yenyewe. Nainyanyua, nazima injini, nakunywa chai, nikirudi imelala chini. Bosi akataka tubadilishe sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) za jeki zote mbili zinazoinua hedi. Nikamwomba asubiri. Jeki za hedi ya mashine yangu zinasukuma upande mmoja tu, kushuka ni uzito wa hedi wenyewe. Sili ikichoka, oili lazima itoke nje, utaiona kwenye fimbo. Fimbo zetu zilikuwa kavu, na vumbi lake juu. Nikachora mstari wa chaki kwenye fimbo, baada ya robo saa mstari ukawa umezama wote. Kama oili haitoki nje, inarudi tenkini, na njia ya kurudi ni kwenye valvu.

Tukaifungua juu ya gunia safi. Kwenye kiti cha valvu ya kuzuia oili isirudi tukakuta kinyuzi cheupe, kidogo kuliko kipande cha ukucha. Ni ule mkanda mweupe wa mafundi bomba! Kuna mtu aliwahi kuuzungushia kwenye nati ya hozi, ukakatika ukasafiri na oili. Tuliosha kwa dizeli safi, tukaweka oringi (pete ya mpira) mpya, hedi ikakaa juu usiku kucha.

Na ndugu zangu, nawasihi: usiingie chini ya hedi kwa kuamini oili. Teremsha kile chuma cha kuzuia jeki kwanza. Mashine nyingi za zamani kimeng'olewa, kachomelee kingine kabla ya jambo lolote.

Mama mkulima, Chemba

Mimi siyo fundi, mimi ndiye mlipaji. Kombaini yangu ilikuwa nzito asubuhi tu. Mnajua baridi yetu ya Juni na Julai: usukani mgumu, pampu inalia, ikifika saa nne jua likiwaka inakuwa nzima. Nikamuuliza kijana aliongeza oili ipi, akanionyesha dumu. Ilikuwa oili nzito ya giaboksi, ile ya tisini, ndiyo iliyomiminwa kwenye tenki la haidroliki. Tulimwaga yote, tukabadilisha filta, tukajaza inayotakiwa. Tangu hapo nimepaka rangi: kifuniko cha haidroliki chekundu na dumu lake jekundu, giaboksi nyeupe na dumu lake jeupe. Hata mgeni hakosei.

Kijana wa Bahi

Nyongeza fupi. Hozi ikitoboka tundu la sindano usipapase kwa mkono, pitisha kipande cha boksi. Oili ya presha inapenya ngozi, na kidonda kinaonekana kidogo huku ndani pameharibika. Ikikupata, hospitali saa hiyohiyo. Pia futeni mivujo iliyo karibu na ekzosi, makapi ya alizeti yakilowa oili yanashika moto upesi mno.

Fundi wa Manyoni

Mwanzisha mada, usifungue giaboksi kwanza. Nimeshaletewa giaboksi tatu za namna hiyo, zimeshushwa, zimefunguliwa, gia zote nzima. Giaboksi iliyochoka inalalamika: inaruka gia, inakwaruza, ukimwaga oili unakuta vipande vya chuma. Hata kuruka gia, kabla ya kufungua angalia bushi za fimbo ya kuchagulia gia. Zikilika, gia inaingia nusu, kisha inatoka ukibeba mzigo.

Yako inaishiwa nguvu ikiwa na mzigo na moto. Hapo namshuku varieta. Nijibu haya: usukani na hedi vinabaki vizuri wakati huo? Mkanda unang'aa pembeni? Unasikia harufu ya mpira kuungua? Na nipeli ya puli, kile kitundu cha kuingizia grisi, ilipata grisi lini?

Mwanzisha mada, Kibaigwa

Nimetoka kuangalia sasa hivi, mkuu. Usukani laini, hedi inapanda bila shida. Mkanda unang'aa kama kiatu cha shule, na umezama ndani ya puli kuliko nilivyodhani. Harufu ipo. Nipeli nimeikuta imefunikwa na udongo mwekundu uliokauka kama tofali, nimeichokonoa kwa msumari. Nusu ya puli inayotakiwa kuteleza haitelezi kabisa.

Fundi wa Manyoni

Basi umempata. Puli imeganda, haibani tena mkanda, mkanda unateleza. Vua, safisha shafti kwa msasa laini, angalia bushi, paka grisi. Pima upana wa mkanda ulinganishe na mpya. Ukiwa umelika, badilisha sasa, la sivyo utarudi kulekule. Na mwambie dereva asivute mkono wa spidi mashine ikiwa imezimwa.

Ila kabla hujagusa boliti hata moja: ile puli ya nyuma ina springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, ikiruka inavunja mbavu. Tafuta boliti tatu ndefu zenye nyuzi mwili mzima, ibane nazo, ndipo utoe nati ya katikati. Kisha legeza zote tatu kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, ukiwa umesimama pembeni.