Mjadala: Marekani ni chuki ya rangi, au ni ngazi ya kuzaliwa?

Mpitanjia: Wakuu, nimechoka kusikia kila kitu cha Marekani kikiitwa chuki. Hata chuki ikiisha kesho, ngazi itabaki. Tangu utumwa watu walishapangwa nani juu nani chini, na rangi ni alama ya kukuonyesha pa kusimama. India alama ni ukoo, yaani tabaka unalozaliwa nalo. Nani anabisha?

Kibatari: Mimi. Mwenye pesa habaguliwi. Obama kakaa Ikulu miaka 8, hiyo ngazi aliipanda kwa lifti?

Sauda M: Kibatari, pesa hiyo inatoka wapi? Utajiri wa familia ya kawaida kule ni nyumba. Miaka ya 1930 shirika la serikali, HOLC, lilichora ramani za miji na kuipa mitaa daraja, A ni salama kukopesha hadi D, hatari. Penye weusi pakapakwa nyekundu, D, hata penye nyumba nzuri. Karani wa mikopo hakuhitaji kumchukia mtu, alitazama ramani tu. Sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi imekuja 1968. Wengine walirithi nyumba, wengine wakarithi kodi ya pango.

Kibatari: Umekariri vizuri, binti. Sasa Wanaijeria waliohamia kule na wanapeta vyuoni, ramani haikuwaona?

Sauda M: Binti ni nani? Nimekuita kwa jina lako, niite kwa langu. Na kwa kuwa umeligusa: 1963, Alabama, mwanaharakati Mary Hamilton yuko mbele ya hakimu. Mwendesha mashtaka anamwita "Mary", wakati shahidi mzungu angeitwa Bi Fulani. Akagoma kujibu mpaka aitwe Bi Hamilton. Hakimu akampiga siku 5 jela na faini ya dola 50. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, 1964 akashinda. Hapo ndipo ngazi inapoonekana, kwenye kuitana.

Mzee Kifimbo: Jamani, "binti" ni neno la heshima! Kijana wa watu kakubembeleza, wewe unamfikisha Alabama.

Sauda M: Shikamoo mzee. Angebembeleza asingeanza na "umekariri".

Mzee Kifimbo: Marahaba. Enzi zetu mtu akikuita binti unaitika.

Kinyonga: Tuwaache hao. India imeingiaje humu? Kule wote rangi moja, mlinganisho umekufa. Hata Martin Luther King, mpigania haki za weusi wa Marekani, alienda kule, '56 sijui '57, akaona ni mambo tofauti.

Mpitanjia: 1959. Na alisimulia mwenyewe kanisani 1965: huko Kerala alipelekwa kwenye shule ya watoto wa Dalit, wale wa chini kabisa kwenye ngazi ya India walioitwa "wasiogusika", mwalimu mkuu akamtambulisha kama mwenzao "asiyegusika" kutoka Marekani. Kwanza alikereka, akatafakari, akasema ni kweli, ndivyo nilivyo. Ambedkar, kiongozi wa Dalit, naye alimwandikia Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, 1946 akisema hali za watu wao zinafanana sana.

Kinyonga: Si umesema alikereka? Asante, nimemaliza.

Mpitanjia: Umesoma nusu sentensi ukafunga safari.

Kibatari: Wanaijeria wangu mmewakimbia.

Mpitanjia: Hakuna aliyekimbia. Mhamiaji alichujwa kabla ya kupanda ndege, wengi waliingia na digrii mkononi. Unalinganisha mtu aliyechujwa na mtu ambaye babu yake alinyimwa mkopo. Halafu mwanao akisimamishwa barabarani usiku, polisi haulizi baba katokea Lagos au Mississippi.

Kibatari: Polisi tena! Tulikuwa kwenye nyumba. Fungueni mada nyingine.

Sauda M: Mada yako ilikuwa lifti.

Kinyonga: Mtu mmoja asiyejua kushindwa ametuharibia mjadala, simtaji.

Kibatari: Mtaje.

Mzee Kifimbo: Mimi nina swali moja tu, mnijibu taratibu. Zile dola 50 za yule mama, alirudishiwa?