Faili ni jina, ni data au ni namba tu?

Mleta mada: Wadau, watu wa Unix (mfumo endeshi ambao Linux inaufuata) wanasema kila kitu ni faili. Mimi nakataa. Faili ni data iliyowekwa diskini kwa jina lake, basi. Tazama /proc/cpuinfo: ls -l, amri ya kuorodhesha faili, inasema ukubwa 0, ukipiga cat (amri ya kuonyesha yaliyomo) inamwaga sifa zote za prosesa. Hapo kerneli, kiini cha mfumo, inajibu swali papo kwa papo, hakuna kilichohifadhiwa.

Mchangiaji 1: Mkuu, umekosea tangu hapo kwenye jina. Jina linakaa kwenye saraka (folda), ubavuni mwa namba ya ainodi (inode). Ainodi ndiyo inayobeba mmiliki, ruhusa, ukubwa, saa na mahali data ilipo. Andika ln a.txt b.txt (kuipa a.txt jina la pili), halafu ls -li: majina mawili, namba ileile. Futa a.txt, b.txt inabaki na kila kitu. Zilikuwa faili ngapi?

Mchangiaji 2: Na wenye seva wanalijua hili kwa machungu. Diski imejaa, unafuta logi (faili ya kumbukumbu za programu) ya GB 20, df -h, inayopima diski nzima, bado inasoma 100%, huku du, inayojumlisha faili zenye majina, haioni chochote. rm, amri ya kufuta, imeondoa jina tu. Programu iliyoifungua logi bado imeishikilia, na nafasi hairudi mpaka iiachie. Piga lsof +L1 umjue anayeshikilia, kisha anzisha upya huduma hiyo. Sasa kwa maana ya mleta mada, GB 20 zile zilikuwa za nini, kama faili haikuwepo?

Mleta mada: Haya, jina naliachia. Diski siiachii.

Mchangiaji 1: Utaiachia. Piga truncate -s 1G tupu.img, uunde faili ya 1G isiyoandikwa kitu, kisha linganisha ls -lh na du -h. ls inasema 1G, ukubwa wa faili; du inasema 0, nafasi iliyotumika diskini; na zote zinasema kweli.

Mchangiaji 3: Ila na hiyo kaulimbiu ya "kila kitu ni faili" imetiwa chumvi. Kwenye Linux kadi ya mtandao eth0 huikuti /dev, saraka ya vifaa, na soketi ya TCP (ncha ya mawasiliano ya mtandao) huipati kwa open(), wito wa kerneli wa kufungua faili, bali kwa socket(). Plan 9 ya Bell Labs (mfumo endeshi uliofuata Unix) ndiyo iliyofika huko, ikaiweka hata TCP chini ya /net. Kwangu mimi faili ni chochote kinachokubali read() na write(), yaani kusomwa na kuandikwa.

Mchangiaji 2: Saraka je? Ina ainodi yake, open() inaikubali, lakini ukiiita read() Linux inakurudishia EISDIR (kosa: hii ni saraka).