Mafundi wa Arusha, acheni kukimbilia nati za kabureta za SU!

Wakuu, hii tabia imezidi. MGB, gari la michezo la Kiingereza lenye kabureta mbili za aina ya SU, inaingia gereji hapa mjini inamisi kidogo, fundi hata plagi hajafungua, tayari ameinama na spana anazungusha nati za kupunguza na kuongeza mafuta chini ya kabureta. Zote mbili, bila kuhesabu! Ikigoma anapandisha silensa (raundi za injini gari likiwa limesimama) kuficha madudu, anadai hela yake.

Kabureta huguswa mwisho. Anza na nafasi ya tapeti za vali, inchi 0.015 injini ikiwa ya baridi. Nafasi ya platini za distribyuta 0.015, ya plagi 0.025, kisha taimingi. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye shafti za throto. Mlio wa injini ukibadilika, inavuta hewa pembeni, na hapo utazungusha nati mpaka Yesu arudi. Angalia na waya wa choki. Ukikaza mno, jeti (kibomba kinachopitisha mafuta ndani ya kabureta) hairudi juu na gari linakunywa mafuta siku zote.

Sasa HS4 zenyewe, yaani hizo kabureta za SU. Fungua kikombe cha juu ya kabureta, toa pistoni iliyo ndani yake, pandisha jeti mpaka ilingane na daraja (sakafu ya njia ya hewa inapotokea jeti), halafu shusha nati pande 12, yaani mizunguko miwili kamili, kabureta zote sawa. Rudisha, washa, injini ipate moto. Legeza klampu za shafti inayoziunganisha, weka mpira mwembamba sikioni, sikiliza uvutaji wa kila moja na cheza na skrubu za silensa mpaka milio ifanane. Mchanganyiko unafuata baada ya hapo.

Inua pini ya pembeni ya kabureta taratibu, pistoni yake ipande kama milimita 0.8 tu. Wengi wanaiinua mpaka juu, injini inazima, wanasema "mafuta kidogo", wanaongeza. Ndiyo moshi mweusi wenyewe huo! Raundi zikipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi: pandisha nati upande mmoja. Zikishuka au injini ikazima, ni machache: shusha. Zikipanda kidogo kisha zikatulia, iache. Ukichelewa zaidi ya dakika 3, piga resi raundi 2,500 kwa nusu dakika ndipo uendelee.

Na yule anayesema "nimeiweka kama kitabu kinavyosema": kitabu hakikuandikiwa Arusha. Hapa tuko karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kuliko pwani, kwa hiyo kipimo cha pwani huku kinazidisha mafuta. Ukishuka Tanga na kipimo cha huku, kinageuka: mafuta yanapungua, injini inachemka na kugonga ukikanyaga kwenye mlima. Pima upya hukohuko.

Halafu, nani anauza oili ya SAE 20 kwa chupa ndogo? Ya vikombe vya juu, milimita 13 juu ya ncha ya bomba la pistoni. Kila duka ninaloulizia wananipa ya gia.