Hita ya maji imeanza kuvuja: nirudishe ya tangi, niweke ya papo hapo, au nihamie sola?

#1 Kisoda_Bluu
Wakuu, habari za jioni. Hita yetu nadhani imefika mwisho. Tangu juzi nakuta maji chini yake. Nimetega beseni, na asubuhi nalikuta na maji kiasi. Fundi kaja, kaitazama kama dakika mbili, kasema, "Hii imekufa, tafuta nyingine nije niifunge Jumamosi." Sasa niko njia panda. Nirudishe ya tangi kama hii, niweke ya papo hapo inayopasha maji yakipita, au nihamie sola moja kwa moja? Mke wangu anataka papo hapo, mimi moyo uko kwenye sola. Mnanishaurije? Jumamosi si mbali.

#2 Spana17
Mkuu, umeingia dukani ukasema "nipe viatu" bila kutaja saizi. Mko wangapi? Bafu ngapi? Tangi la lita ngapi, lina miaka mingapi? Maji ya bomba au ya kisima? Presha ikoje? Waya uliofika hapo ni wa milimita ngapi? Na la kwanza kabisa: inavuja WAPI?

#3 TaaNyekundu
Papo hapo, tufunge mjadala. Yangu ina mwaka wa sita, sijawahi kuishiwa maji ya moto katikati ya sabuni. Halafu haikai kutwa nzima ikipasha maji ya mtu aliyeko kazini.

#4 Mwanamvua
Taa, wewe unaishi peke yako na bafu moja, ulisema mwenyewe kwenye uzi wa pampu. Hata sufuria ingekutosha.

#5 Kisoda_Bluu
Samahani, niliandika nikiwa na haraka. Tuko watano, bafu mbili, tangi lita 80, miaka tisa hivi. Maji ya kisima, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Presha ya juu ghorofani ni dhaifu. Waya sijui, fundi hakusema.

#6 Spana17
Hakusema kwa sababu hakuangalia.

Sikiliza. Hita ya papo hapo ya kilowati 7 kwenye umeme wa volti 230 inavuta kama ampia 30. Hiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, wa milimita 6 za mraba, na breka yake. Tangi lako la sasa likiwa na koili (kile chuma cha ndani kinachopasha maji) ya kilowati 2 linavuta ampia 9 tu, kwa hiyo karibu nina hakika ukutani una waya wa 2.5. Fundi akiunga papo hapo kwenye huo waya, utaoga vizuri mpaka siku utakaposikia harufu ya plastiki inayoungua.

Pili, hizo kilowati 7 zikipandisha maji nyuzi 25, zinakupa lita 4 kwa dakika. Shawa ya kawaida inataka 8 au zaidi. Mmoja anaoga maji membamba, wa pili akifungua bafu la pili, yowe linasikika kwa jirani. Tatu, hizi mashine zina kiswichi kinachosubiri maji yapite kwa kasi fulani ndipo ziwake. Kwa presha ya huko juu kwako huenda isiwake kabisa.

Tangi la lita 80 likiwa nyuzi 60, ukachanganya nusu kwa nusu na maji ya nyuzi 20, kwa hesabu unapata lita 160 za nyuzi 40. Kwa vitendo ni pungufu, maana maji baridi yanaingia chini wakati unatumia. Koili ya kilowati 2 inalirudisha lote kwa saa mbili kasoro. Kwa watu watano ningepanda hadi lita 120 au 150.

#7 TaaNyekundu
Zipo papo hapo za kilowati 21. Umeruka hilo makusudi.

#8 Spana17
Zipo, kwa nyumba yenye fezi tatu, yaani inayoletewa umeme kwa nyaya tatu badala ya mmoja. Kisoda, una fezi tatu?

#9 PaaLaMashariki
Jamani, sola mmeisahau na mwenye uzi ameitaja. Tangi linakaa juu ya paneli, maji yaliyopata joto yanapanda yenyewe na baridi yanashuka, hakuna pampu wala kelele. Ndani ya tangi kuna koili ya akiba kwa siku za mawingu. Nimezima umeme wa maji tangu nifunge, nawasha siku chache tu.

Ila niseme na ubaya wake, mimi si muuzaji. Lita 200 za maji ni kilo 200 kabla hujahesabu tangi na fremu. Paa likaguliwe na mtu anayejua mbao, fundi bomba peke yake hatoshi. Na kwa maji yako yenye ukoko, usichukue ile ambayo maji ya kuoga yanapita ndani ya mirija yenyewe. Chukua yenye mzunguko wake uliofungwa, maji ya nyumba yanapashwa kupitia ukuta wa tangi tu. Na ninyi mnaoga saa ngapi? Mkioga alfajiri, maji yametoka kulala usiku kucha.

#10 Mwanamvua
Na pampu ya joto hakuna anayeitaja? Inavuta joto kutoka hewani, kwa uniti moja ya umeme unapata kama tatu za joto. Inataka chumba chenye nafasi na hewa, inanguruma kama friji kubwa, na bei ya kununua inauma.

#11 MamaPacha
Nitaandika kirefu mnisamehe, maana mnabishana lita na kilowati wakati mimi naona kesi iko kwa fundi.

Sisi tulibadilisha tangi, lita 100, kwa fundi tuliyeelekezwa na jirani. Saa moja na nusu akawa amemaliza. Wiki ya pili ile valvu ya usalama ya pembeni, inayotoa maji presha ikizidi, ikaanza kudondosha kila tukiwasha. Nikampigia, akaja. Akatoa kibomba cha kumwagia maji, akazungushia tepu nyeupe plagi ya shaba, akaikaza kwenye mdomo wa valvu. "Mama, sasa haitakusumbua tena."

Na kweli haikunisumbua, miezi minne. Siku hiyo nafungua bomba la sinki, likakohoa. Likatema mvuke, likatema maji, likatema mvuke tena. Nikaenda kulitazama tangi. Kitako chake kilichokuwa bapa kilikuwa kimetokeza kama tumbo la chura, rangi imepasuka vipande vipande, na ndani kuna mlio mdogo, tik, tik, tik. Nikazima breka kuu, nikawatoa watoto nje, nikampigia fundi mwingine. Akaniambia: usifungue bomba lolote, usiguse hiyo plagi, kaeni nje mpaka lipoe lenyewe. Tulikaa uani mpaka giza likaingia, pacha mmoja hana viatu.

Kesho yake alipofungua akakuta themostati, ile ya kukata umeme maji yakishapata moto, imeganda, haikati, koili inachemsha mfululizo. Na pale pekee ambapo ile nguvu ingetokea ndipo palipozibwa. Akanipa plagi mkononi. Ni ndogo, haizidi ncha ya kidole gumba. Ninayo mpaka leo kwenye droo ya funguo.

#12 TaaNyekundu
Pole sana mama. Hapo sina utani.

#13 Spana17
Pole mama. Waliolala na bomu ndani ya nyumba ni wengi, hawajui tu.

Niongeze kwa nini ilikuwa inadondosha, maana huenda valvu ilikuwa nzima. Maji yakipashwa yanatanuka. Lita 80 kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka kama lita 1.2. Zamani ziada hiyo ilirudi kwenye bomba la baridi. Fundi akifunga valvu ya kuzuia maji yasirudi, ziada haina pa kwenda, inatokea kwenye valvu ya usalama. Dawa ni tangi dogo la kupokea mtanuko. Wengine huacha idondoshe kwenye bomba linaloshuka hadi mahali pa wazi. Kuziba, kamwe.

Kisoda, ndiyo maana nauliza tena inavuja wapi. Hilo beseni umelitega chini ya nini?

#14 Mwanamvua
Wakati tunamsubiri: nyie mnaiacha hita imewashwa saa zote? Mimi nazima, nawasha saa mbili kabla ya kuoga. Shemeji yangu anabisha kwamba kulipasha tangi upya kunakula zaidi.

#15 PaaLaMashariki
Shemeji amekosea. Tangi linapoteza joto kadiri linavyokuwa na joto kuliko chumba. Likipoa linapoteza kidogo. Kuzima kunaokoa, ingawa kwa tangi jipya lenye sponji nene tofauti ni ndogo.

#16 Spana17
Zima ukitaka, ila ukiwasha lifike 60. Wanaoshusha themostati hadi 45 na kuiacha hapo ili kubana matumizi wanafuga bakteria wa Legionella, wale wanaoleta homa kali ya mapafu. Wanapenda sana maji ya vuguvugu.

#17 TaaNyekundu
Hao si wale wa Philadelphia, Marekani, 1976, walioua watu kwenye mkutano wa maveterani hotelini? Ile ilikuwa mitambo ya kupooza hewa, haikuwa hita. Mnatishana.

#18 Spana17
Mlipuko wa ugonjwa ule ulitokana na mitambo ya hewa, bakteria ni hao hao, na matangi ya maji ya moto ni makao yao yanayojulikana. Soma mbele kidogo ya kichwa cha habari.

#19 MamaPacha
Na nyuzi 60 na watoto? Mwanangu mmoja anafungua bomba la moto peke yake.

#20 Spana17
Swali zuri. Maji ya 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Tangini weka 60, halafu fundi afunge valvu ya kuchanganya kwenye njia ya kutoka, bombani yafike chini ya 50. Ni kifaa kidogo. Mafundi hawakitaji kwa sababu kinawaongezea kazi.

#21 Kisoda_Bluu
Nimerudi, nilikuwa nasoma huku natoa jasho. Nimekwenda na tochi. Beseni liko chini ya kibomba kidogo cheupe cha pembeni. Kinadondosha hita ikiwaka, nikizima baada ya muda kinaacha. Kwingine nimepapasa kwa tishu, kukavu. Halafu nimekumbuka, mwezi uliopita fundi huyu huyu alifunga valvu mpya kwenye bomba la baridi alipobadilisha mita.

#22 Mwanamvua
Eeeh! Kumbe hita iliyokufa bado inapumua.

#23 Spana17
Ungesema hayo kwenye #1 tungelala mapema. Beseni linapata maji kiasi gani kwa usiku mmoja? Lita moja na kitu, au linajaa?

#24 Kisoda_Bluu
Sijapima. Ila kuna jambo jingine, maji ya moto yana rangi ya kahawia asubuhi, kama miezi miwili sasa.

#25 Spana17
Ya moto tu, au na ya baridi? Ya moto tu maana yake kutu imeanza ndani. Ile fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi imewahi kubadilishwa katika hiyo miaka tisa?

#26 Kisoda_Bluu
Fimbo gani tena?

#27 TaaNyekundu
Papo hapo haina fimbo. Nasema tu.

#28 PaaLaMashariki
Wala sola yangu haihitaji, tangi la chuma kisichoshika kutu. Ila maji yenye chumvi nyingi yanalitoboa hata hilo, kwa hiyo usininukuu.

#29 Kisoda_Bluu
Nimemtumia fundi ujumbe kuhusu valvu na tangi la mtanuko. Kajibu: "Boss nakuja Jumamosi na hita." Mke wangu amesoma uzi wote, bado anataka papo hapo. Kesho asubuhi nachota maji ya baridi na ya moto kwenye glasi mbili nilinganishe.

#30 Nyuki_Mweusi
Samahani kuingilia wakuu, mimi mgeni. Ya kwangu ya tangi ikiwaka inanguruma kama kuna mtu anatikisa kokoto ndani. Ni hatari? Na tangi kuukuu mkishabadilisha mnalipeleka wapi, fundi anaondoka nalo?

#31 Spana17
Karibu. Ni ukoko umejaa chini. Fungua uzi wako, na uanze na lita, miaka, maji ya wapi.