Naombeni ushauri: nimweleze vipi mpwa wangu maana ya kinaya?

Mwenye Duka, Langoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina duka dogo hapa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, na tangu shule zifungwe ninaishi na mpwa wangu wa Kidato cha Tatu, aliyezaliwa na kulelewa Nakuru. Amepewa kazi ya fasihi inayomtaka aeleze kinaya kwa mifano ya maisha yake, na jukumu la kumfundisha limeniangukia mimi, kwa kuwa mama yangu husema kila mara kwamba hajapata kuona mtu anayejua kueleza jambo kwa ufupi kama mimi.

Fasili anayo kichwani: mambo kuwa kinyume cha matarajio. Taabu ni kwamba kwake kila kitu ni kinaya. Aliandika kwamba mvua kunyesha siku aliyofua nguo ni kinaya, na kwamba kukutana na mwanafunzi mwenzake ndani ya mashua ya kutoka Mokowe ni kinaya. Kinaya chenyewe kilipompitia mbele ya macho, hakukiona. Ijumaa iliyopita tulikuwa na harusi, naye akatumwa dukani kuleta iliki ya pilau. Akasimama njiani kuwapisha punda waliobeba mchanga wa ujenzi, akazungumza na vijana wa barazani, akarudi sinia zinaoshwa. Nyanya yake, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria aliyokuwa akiikwangua ukoko, akamwambia, "Ahsante, bwana mkubwa. Bila wewe watu wangelala na njaa." Kijana akajibu, "Usijali, nyanya," na usiku akampigia simu mama yake kumweleza alivyosifiwa.

Nilikaa naye tangu baada ya isha hadi karibu saa sita nikimfafanulia, na kila nilipozidi kufafanua alizidi kupotea. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Wa alaykum salaam. Anza kwa kumtenganishia mambo anayoyachanganya. Kukutana na mwenzake mashuani ni sadfa: mambo mawili yamegongana bila kupangwa, basi. Mvua juu ya nguo ni bahati mbaya. Lakini lau angezianua nguo zake mapema kwa kuiogopa mvua, akazitundika chumbani chini ya paa la makuti, na paa lile ndilo pekee lililovuja mtaani, hapo pangekuwa na kinaya cha hali, kwa sababu hila aliyoitumia kuyakwepa maji ndiyo iliyompeleka kwenye maji.

Maneno ya nyanya yake ni kinaya cha usemi, ambacho wengi hukidhania kuwa uongo. Mwongo hutaka aaminiwe, ilhali mwenye kinaya hutaka uyasikie maneno yake kisha usiyashike kama yalivyo. Kejeli ni jambo la karibu, ila kejeli lazima iwe na mtu inayemchoma, na kinaya chaweza kutokea pasipo mtu wa kuchomwa. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambao katika elimu yao ya balagha, yaani ya ufasaha wa usemi, kinaya ni kulitaja jambo kwa kulizunguka. Fasihi ya Kiswahili imelipanulia maana. Ipo pia aina ya jukwaani, ambapo hadhira inajua jambo ambalo mhusika halijui, naye anaendelea kusema kwa kujiamini.

Mwana wa Shela

Mpeleke Shela ukamwoneshe ufuo. Mwaka 1812 hivi, majeshi ya Pate pamoja na ya Mazrui wa Mombasa yaliteremka pale kwa nia ya kuitia Amu mkononi. Yalishindwa, na yalipokimbilia vyombo vyao yakakuta maji yamekupwa na vyombo vimepwelewa mchangani. Hiyo ni nusu ya kisa, na nusu ninayoipenda mimi ni ya pili. Waamu, kwa kuhofia kwamba Mazrui wangerudi kulipiza kisasi, walimwomba Seyyid Said wa Oman awalinde. Akawaletea liwali na askari, na mji uliopigana ili usitawaliwe na jirani ukaishia chini ya mtawala wa ng'ambo ya bahari. Muulize kijana: nani aliogopa nini, alifanya nini ili aliepuke, na akapata nini? Ile ngome yetu nayo iligeuzwa jela, na leo wageni hulipa kiingilio ili waingizwe humo.

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Kisa cha Waamu na Seyyid Said nakikubali chote. Cha jela nina shaka nacho, kwa sababu jengo kubadilishwa kazi si kinaya. Ila hapo pa kulipa ili uingie jela, nimecheka.

Bi Mkubwa, Mkomani

Mimi sikusoma fasihi, lakini nimelea. Mwambieni kijana aangalie kipimo: iliki iliyochelewa haimfanyi mtu kuwa bwana mkubwa. Sifa ikiwa kubwa kuliko kazi, na anayekusifu hata hakutazami, hujasifiwa. Nawe, mwenye duka, yale aliyoyasema mama yako kuhusu ufupi wako nimeyasoma mara mbili. Mwenyezi Mungu akuzidishie.

Mwenye Duka, Langoni

Amin, Bi Mkubwa, nakushukuru kwa dua. Jana usiku nilimsomea majibu yenu, kisha nikayafafanua moja baada ya jingine kwa maneno yangu mwenyewe, na tulipofika kisa cha Shela kijana aliuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo, mjomba, nyanya alikuwa amekasirika?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kuhusu yule samaki aliyemkaanga Jumapili, ambaye nyanya yake alisema kwamba hata paka wa Amu wangemstahi. Nikamwambia, hata samaki.

Mama, aliyekuwa amejilaza akitusikiliza, alisema anamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto kama mimi, maana bila maelezo yangu angekuwa amelala tangu saa tatu. Mpwa wangu alicheka hata akalazimika kutoka nje, na kwa kuwa nilijua bado anacheka habari ya samaki, nikamfuata barazani kumfafanulia upya, tangu mwanzo, tofauti ya kinaya na kejeli.